Binti yangu anaona jibu, mwalimu anataka njia

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mama wa miaka 41, nauza nguo za mitumba katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Nyumbani naishi na mume wangu, wanangu wawili wadogo na binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Dada yuko ng'ambo kikazi. Baba ya msichana anaishi Nakuru na yeye ndiye hulipa karo. Nimekaa na binti huyu tangu akiwa darasa la tatu. Ananiita Mama, nami simtofautishi na hawa niliowazaa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hesabu. Msichana huyu ana kichwa chepesi kwa namba. Jumapili, soko linapofurika, yeye ndiye hukaa nami kibandani. Nikifungua belo la shilingi 12,000 lenye vipande 150, kabla sijatafuta kalamu ameshaniambia kila kipande kimenigharimu shilingi 80. Juzi akasema, "Mama, tukiuza zile 50 nzuri kwa 150, na zilizobaki kwa 100, tunapata 17,500. Faida ni 5,500, karibu asilimia 46." Nikapiga kwenye simu nikakuta ni hivyo hivyo. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini hesabu za soko ndizo nilizomlea nazo, na ninajivunia.

Shuleni mambo ni tofauti. Katika mtihani wa katikati ya muhula waliulizwa: redio inauzwa shilingi 5,800 pamoja na VAT ya asilimia 16, je, bei kabla ya kodi ni ngapi? Akaandika "5,000", basi. Akapewa alama 1 kati ya 3. Swali lingine lilisema kikundi cha akina mama kilikodi gari la kwenda Nakuru kwa shilingi 36,000, wachange sawasawa. Siku ya safari watatu hawakufika, ikabidi kila aliyebaki aongeze shilingi 1,000. Walikuwa wangapi mwanzoni? Akaandika "watu 12". Alama 1 kati ya 4. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi? Umenakili?"

Siku ya kurudisha karatasi mwalimu akamwita ubaoni alifanye lile swali la gari mbele ya wenzake. Alisimama na chaki mkononi, hakuandika chochote, na darasa likacheka. Tangu siku hiyo hakabidhi tena daftari la hesabu. Nikimwambia aandike hatua, ananijibu, "Kwa nini niandike x na mimi namba naijua?" Nikisisitiza, analia.

Sasa mwalimu ameniita shuleni. Shemeji aliposikia amesema muhula ujao anamhamishia shule ya bweni huko Nakuru, kwa kuwa mwalimu asiyemwamini mtoto hafai kumfundisha. Mume wangu anasema ni kiburi tu, alazimishwe kuandika. Mimi naona akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mtoto anaadhibiwa kwa kuwa na akili. Lakini yeye mwenyewe anataka kusomea uhasibu, na najua hesabu ikianguka na uhasibu umeanguka. Nikienda shuleni naogopa nitaongea kwa hasira, au mwalimu atanielezea mambo ya hesabu nisiyoyajua nibaki bubu. Je, niende nimtetee, nimlazimishe aandike, au nimwache aende Nakuru?

Mama Mdogo, Kisumu

JIBU

Mama Mdogo, dada yangu,

Asante kwa kuniandikia, na asante zaidi kwa kuniwekea maswali yenyewe pamoja na alama zake. Wazazi wengi huniandikia "mtoto amefeli hesabu" na kuishia hapo, nami nabaki nikipapasa gizani. Nimeyafanya maswali yote mawili. Majibu ya binti yako ni sahihi.

Kama nimekuelewa vizuri, unaye mtoto anayeona jibu haraka kuliko anavyoweza kulieleza, unaye mwalimu aliyetilia shaka majibu hayo, na unao wanaume wawili katika familia ambao kila mmoja ameshafikia uamuzi wake. Wewe ndiwe unayetakiwa kuingia katika ile ofisi. Lakini naomba twende polepole, maana alama, aibu ya ubaoni na suala la kuhama vimefungwa furushi moja, na sidhani dawa yake ni moja.

Nianze na ile aibu, kwa sababu hiyo ndiyo inayomliza. Mumeo anaona kiburi. Mtoto mwenye kiburi angeitwa ubaoni angeandika 12 kwa maandishi makubwa na kurudi kitini. Huyu alisimama na chaki akashindwa. Inawezekana kabisa kwamba hajui alifikaje kwenye 12. Kuona jibu ni kazi moja, na kueleza ulivyoliona ni kazi nyingine, ambayo hakuna aliyewahi kumdai kibandani. Wewe ulihitaji bei, akakupa bei, mteja akalipa. Anapokuuliza kwa nini aandike x, mimi nasikia hofu ndani ya swali hilo. Naweza kuwa nimekosea, wewe unamfahamu kuliko mimi. Ila kabla ya kumhesabia kiburi ningemwuliza, mkiwa wawili tu na bila daftari, "Ulipoliona lile swali la gari, kitu cha kwanza kukujia kichwani kilikuwa nini?" Kisha ningenyamaza nimsikilize.

Na yale maneno ya wino mwekundu? Unayasoma kama shutuma, na huenda ni shutuma kweli. Lakini yana alama ya kuuliza. Mwalimu anayesahihisha rundo la karatasi haoni kichwa cha mtoto, anaona namba imekaa peke yake kwenye nafasi tupu, na namba ya kunakiliwa huonekana vivyo hivyo. Kumwita mbele ya darasa lote ili apimwe palikuwa mahali pabaya pa kuuliza swali hilo, na hapo nakubaliana nawe kwa moyo wote. Ila shaka yenyewe haimaanishi kwamba mwalimu huyo anamchukia.

Sasa alama. Hapa nataka uingie ofisini ukiwa na kitu mkononi, kwa hiyo vumilia nikueleze. Hesabu ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, mtahiniwa anachagua 5, alama 50 nyingine. Maagizo yaliyochapishwa kwenye jalada humtaka mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na husema kwamba hatua sahihi zinaweza kupewa alama hata kama jibu si sahihi. Hebu litazame jambo hilo kwa upande wa binti yako. Akiandika jibu tupu, siku aliyolenga atapata sehemu tu ya alama, na siku aliyoteleza kidogo hapati chochote. Mwenzake aliyeandika njia nzuri na kukosea kujumlisha mwishoni anamzidi. Njia iliyoandikwa inamlinda yeye kuliko inavyomfaidi mwalimu.

Wewe, kama mama wa soko, bila shaka unazijua chama. Mweka hazina anaweza kuwa na jumla yote kichwani, bila kukosea hata shilingi, na bado wanachama watataka kitabu. Wanachotaka ni kuweza kumfuata alikopita. Msahihishaji wa mtihani naye yuko hivyo, na hana nafasi ya kumwita mtoto amwulize.

Tuifungue basi ile redio. Wengi katika swali kama hilo hukata asilimia 16 ya 5,800 na kupata 4,872. Ni kosa, kwa sababu kodi ilihesabiwa juu ya bei ya awali, haikuhesabiwa juu ya 5,800. Binti yako hakuingia katika mtego huo, na hilo si jambo dogo. Pengine alijaribu 5,000 kichwani, akaona asilimia 16 yake ni 800, zikajumlika sawasawa. Kwenye karatasi ni mistari mitatu mifupi: bei ya awali ni asilimia 100, kwa hiyo 5,800 ni asilimia 116, asilimia 1 ni 5,800 kugawa kwa 116, yaani 50, asilimia 100 ni 5,000. Na hata akitaka kuandika alivyofanya yeye, "nimejaribu 5,000; asilimia 16 ya 5,000 ni 800; jumla 5,800", hiyo si aibu. Mwulize mwalimu kama angeihesabia alama na ngapi. Jibu lake litakufundisha mengi kumhusu.

Swali la gari lina utamu zaidi. Nadhani aliona kwamba watu 12 wangechanga 3,000 kila mmoja, na 9 wangechanga 4,000, tofauti ikawa 1,000. Safi kabisa. Anayeandika x, yaani idadi ya watu wa mwanzoni, ataanza na 36,000 kugawa kwa (x toa 3), atoe 36,000 kugawa kwa x, iwe sawa na 1,000. Akipanga vizuri atapata x mraba toa 3x toa 108, sawa na sifuri. Hapo hutoka majibu mawili, 12 na hasi 9, na kwa kuwa hakuna watu hasi 9, linabaki 12. Mlinganyo huo umefanya kitu ambacho kichwa chake hakikufanya: umehakikisha hakuna jibu lingine lililojificha. Yeye alipata moja na kusimama. Nani alimwambia hakuna la pili?

Halafu jaribu kumpa hili, bila kumtisha: shamba la mstatili lina eneo la mita mraba 100, na urefu umezidi upana kwa mita 3. Upana ni ngapi? Atajaribu 8 na 11, apate 88. Atajaribu 9 na 12, apate 108. Atajua jibu liko katikati, halafu atakwama, kwa kuwa ni karibu 8.61, namba ambayo haionekani kwa macho. Maswali ya kidato cha tatu na cha nne yanaelekea huko. Ningependa akutane na swali la namna hiyo nyumbani, palipo na chai na mtu anayempenda, kabla hajakutana nalo ndani ya chumba cha mtihani.

Kuhusu swali lake la x, jibu bora liko kwenye belo lako. Alikwambia 50 kwa 150 na 100 kwa 100 zinaleta faida ya 5,500. Hiyo ni Jumapili moja. Je, zikiwa nzuri 30? Au 80? Mwambie aite idadi ya nguo nzuri x. Ukiuza vipande vyote 150, mapato ni 150 mara x, ongeza 100 mara zile zilizobaki, ambazo ni 150 toa x. Ukitoa gharama ya 12,000, faida inabaki 3,000 ongeza 50x. Weka 50 mahali pa x, utaona 5,500 yake imerudi. Weka 30, ni 4,500. Weka sifuri, yaani hakuna hata moja nzuri, na bado una 3,000. Hicho ndicho wanachokiita fanksheni: unaingiza idadi, inakutolea faida. Yeye anajua namba ya Jumapili moja, x inazijua Jumapili zote. Nadhani kwa mtoto anayetaka uhasibu hilo litagusa mahali.

Na kama anapenda changamoto, mpe hii ya kibandani: una gauni 8 na vibanio 5 vya kutundikia, je, unaweza kuchagua gauni za kutundika kwa njia ngapi? Hapa hata kichwa chepesi huomba kalamu. Kwa kibanio cha kwanza una gauni 8 za kuchagua, cha pili 7, kisha 6, 5 na 4. Ukizidisha ni 6,720. Lakini gauni tano zile zile zimehesabiwa mara 120 kwa mipangilio tofauti, kwa hiyo gawa kwa 120, upate 56. Akiwa mwerevu kama unavyomsimulia, anaweza kukwambia ni rahisi zaidi kuchagua zile 3 za kuacha: 8 mara 7 mara 6, gawa kwa 6, ni 56 vile vile. Mwombe akueleze kwa nini ni sawa. Ndizo njia 56 za kuchagua maswali 5 kati ya 8 katika ile sehemu ya pili ya KCSE, na nadhani atafurahi kulijua hilo.

Umeniuliza mambo matatu. Kwenda kumtetea kunampa mtoto kitu anachokihitaji sana, kuona kwamba mtu mzima wake anamwamini. Hatari yake umeitaja mwenyewe, hasira. Ukianza na "umemwita mwizi", mwalimu atajitetea, na mtakuwa mnazungumza juu yenu wawili, siyo juu ya mtoto. Ungeweza kwenda na karatasi yenyewe ya mtihani na kumwuliza mwalimu akuonyeshe alama zilikopotea, mstari kwa mstari. Huhitaji kujua hesabu ili uulize hivyo. Na suala la ubaoni liseme, kwa sauti ya chini lakini liseme: kwamba mtoto aliumia, na unaomba apimwe faraghani. Ikiwa unahisi hamtaelewana, shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, naye anaweza kukaa nanyi.

Fikiria pia kama binti awepo. Akiwepo anaweza kusikia mwalimu akisema jambo zuri juu yake, au anaweza kuaibika mara ya pili. Sijui lipi litatokea. Mwulize yeye.

Kumlazimisha aandike kunaweza kupandisha alama haraka, sikatai. Ninachokiogopa ni mtoto anayenakili hatua za kitabu bila kuziona, akaacha kuamini jicho lake. Akipoteza lile jicho la namba kwa ajili ya alama mbili tatu, nitahuzunika pamoja nawe. Pengine kuna njia ya kati: aanze na jibu lake, kisha arudi nyuma akijiuliza "nimejuaje?", na hilo aliandike. Baadhi ya watoto hufika kwenye hatua kwa kurudi nyuma hivyo. Itachukua muda, na KCSE haiko mbali sana.

Kuhusu Nakuru, namwelewa shemeji yako. Yuko mbali, analipa karo, na kuhamisha ni jambo lililo ndani ya uwezo wake. Huenda mazingira mapya yakamsaidia kweli, hasa kama kicheko cha darasa bado kinamfuata korido nzima. Lakini mwalimu wa Nakuru naye atataka njia, kwa sababu mtihani ni ule ule. Na huko hatakuwa na kibanda cha Jumapili wala wewe. Kabla baba hajalipa chochote ningemwomba ampigie binti simu amwulize yeye anataka nini, maana katika barua yako sijasikia popote maoni ya binti mwenyewe kuhusu kuhama.

Kitu kimoja zaidi, nawe nisamehe nikigusa mahali penye uchungu. Umesema uliishia kidato cha pili na kwamba unaogopa kubaki bubu mbele ya mwalimu. Hesabu anayoijua mtoto huyu imetoka kwako. Faida, hasara, bei ya kipande, kupunguza bei bila kuvuka gharama, yote hayo ni asilimia na milinganyo, nawe umeyafanya miaka na miaka. Mwambie mwalimu hivyo hivyo, kwamba hapo ndipo mtoto alipojifunzia. Anaweza kuacha kushuku kunakili akielewa majibu yanatoka wapi.

Niandikie tena mkishaonana naye, hata kama mambo hayakwenda vizuri. Na umwombe binti, kama hataona tabu, aongeze mistari yake mwenyewe kwenye barua hiyo. Ningependa kusikia kutoka kwake alilionaje lile swali la gari.